Cheupe Kilichosogea Kwenye Asumini

Tangu nirudi safari, kila anayeniletea suruali ya kupunguza anaitupa pembeni na kuniuliza, "Enhe, Zuhura, mliwaona?" Nimesimulia vipande vipande mguu ukiwa kwenye cherehani, mpaka nikashona zipu ya mzee wa watu juu chini kwa ajili ya umbea wenu. Basi haya, nawaandikia yote kwa mpigo. Mkimaliza kusoma mniache nifanye kazi, hata kama siku hizi kazi yenyewe ni kupunguza mitumba tu.

## Singida hadi Issuna

Wengi mnamjua Mama Mkubwa Raheli. Kwa asiyemjua, ni dada wa marehemu mama yangu, Mgogo wa Kintinku aliyeolewa na Mnyaturu wa Issuna. Amekaa Issuna mpaka akawa anagombana kwa Kinyaturu na kusali kwa Kigogo. Mama alipofariki nikiwa na miaka saba, yeye ndiye aliyenichukua. Ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini Ramadhani alikuwa anaamka kunipashia daku, tena anakaa pembeni kuhakikisha nimekula. Ndugu za baba waliponirudisha mjini nilikuwa msichana mkubwa, na nililia njia nzima.

Sasa macho yake yanakwisha. Si mtoto wa jicho, ambaye hutolewa. Hii ni presha ya macho. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Mumewe hayupo, hakujaliwa mtoto wa kumzaa, na tulishakubaliana kwamba likizibika atakuja kukaa kwangu.

Alikubali kwa sharti moja. "Kabla halijazibika," aliniambia, "nipeleke kwetu nikawaone mbega."

Nikaondoka na basi jipya la mtu binafsi, lililoandikwa maneno ya dhahabu ubavuni na lenye redio kila upande. Lilipita ziwani asubuhi, maji yametulia, ndege wa rangi ya waridi wamesimama mguu mmoja mmoja, nikasinzia huku nawatazama. Nilipozinduka tulikuwa tumesimama. Basi jipya, jamani, limekufa kabla ya Ikungi! Redio ikaendelea kuimba kwa saa tatu huku kondakta akitwambia "sasa hivi, sasa hivi". Mama mmoja alitoa karanga za kuchemsha akatugawia kiti kizima, na alipojua nakwenda kwa nani akaniongezea konzi nyingine ya kumpelekea.

Nilifika Issuna alasiri. Mama Mkubwa alikuwa amekaa mlangoni na kiroba chake, amevaa viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nimevaa viatu tangu asubuhi, miguu imevimba."

## Issuna hadi Mkiwa

Kesho yake basi lilelile, limefufuka, likatuchukua hadi Mkiwa na kutuacha hapo njia panda. Tulingoja gari la kwenda Manyoni tangu saa tatu mpaka saa tisa. Mnaijua Mkiwa: ukikaa unaletewa kuku, ukisimama unaletewa vitunguu, ukifumba macho unaamshwa ununue asali. Siku hizi kuna na magunia ya mkaa, yamepangwa kando ya barabara kilomita kwa kilomita. Kila mtu anauza chochote alicho nacho. Ruksa, ndiyo, lakini mimi nilikuwa nayatazama yale magunia na kujiuliza ni miti mingapi.

Ili saa zisogee, Mama Mkubwa akanisimulia mbega wake. Alipokuwa msichana alikuwa anachota maji kwenye korongo lenye chemchemi, juu kidogo ya kwao, mlimani. Mbega walikaa juu ya miti ya pale. Ni weusi, wana kama shuka jeupe mabegani, na mkia mrefu wenye kishada cheupe. Hawashuki kuiba mahindi kama ngedere. Wanakaa kimya huko juu, wanakula majani.

"Na walikuwa wananitazama," alisema. "Mimi nilikuwa mtoto wa nne. Nyumbani wote walikuwa wananiagiza tu, Raheli leta, Raheli peleka. Wale walikuwa wananitazama. Nikishusha ndoo wananitazama, nikiipandisha wananitazama mpaka napotea. Mbega akimwona mtu haachi kumtazama."

Jua lilikuwa kali, barabara kwa mbali inameremeta kama imemwagiwa maji, na sauti yake ilinibembeleza nikawa nusu nimelala. Nikawaona na mimi, wamekaa juu ya nguzo za simu za Mkiwa na mashuka yao.

Ghafla akanishika mkono. "Zuhura! Kile cheupe juu ya mti, kile! Ni nini?"

Nikatazama. Ulikuwa mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyojaa madukani siku hizi, upepo umeunasisha kwenye mgunga.

"Ni mfuko, Mama. Wa nailoni."

"Aa," akasema, akauachia mkono wangu. Uso wake uliporomoka kiasi kwamba nilijuta kusema. Nikaapa moyoni, wallahi, kwamba safari hii sitamwona tena na uso ule. Hapo ndipo nilipoharibu, ila sikujua.

## Mkiwa hadi Manyoni

Lori lililotuchukua lilibeba alizeti kwenda Dodoma. Dereva aliitwa Kulwa, Mnyamwezi mwenye tumbo na kicheko. Mama Mkubwa akapewa kiti cha mbele, mimi nikapanda juu ya magunia. Kulwa alipojua amembeba Mgogo, mtani wake, ndiyo ikawa sherehe. Dirisha la nyuma lilikuwa halina kioo, nikasikia yote.

"Bibi, Mgogo mzima unasafiri kwenda kutazama nyani? Kwenye kioo hawapo?"

"Nyani nimepanda gari lake leo," akajibiwa. "Ninyi Wanyamwezi mlipita kwetu na mizigo kichwani mkala mlenda wetu, mpaka leo hamjasema ahsante. Endesha."

Kulwa alicheka mpaka lori likayumba.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na tulipofika kwenye mbuga ya udongo mweusi gari likazama kwa matairi ya nyuma. Tulikaa pale hadi jua likawa jekundu. Kulwa akakata matawi, akachimba, akatukana tope kwa Kinyamwezi. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka kulima wakatuletea viazi vitamu vilivyochemshwa na maji ya kunywa kwenye kibuyu. Mmoja akamwona Mama Mkubwa anapapasa kutafuta kiazi, akamwekea mkononi, akamkunjia vidole. Mimi nikageuka nikajifanya natazama gurudumu.

Manyoni tulifika na matope hadi nyusi. Tulilala kwa mtu wa kanisani kwake, ambaye kwa kusikia mimi ni Mwislamu alihangaika kunitafutia kuku aliyechinjwa na Mwislamu mwenzangu. Akazunguka mtaa mzima, tukala usingizini. Kuku mwenyewe alikuwa mtamu, Mungu ambariki.

## Kushuka Kintinku

Kutoka Manyoni barabara inafika ukingoni na kuteremka bondeni. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala chini, weupe mtupu, vilele vya mibuyu tu ndivyo vimechomoza. Kulwa, aliyetupitia alfajiri, akazima utani, akashika breki kwa adabu. Nilikuwa juu ya magunia na baridi yangu, nikahisi kama tunashushwa kwenye ndoto ya mtu mwingine.

Mjomba Yohana, mdogo wake Mama Mkubwa, alitupokea barabarani. Walisalimiana kwa Kigogo, mbukwenyi nyingi, wakishikana mikono muda mrefu. Mikono ya Mjomba ilikuwa myeusi kwenye mistari ya viganja na kucha. Nikajua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia kumi na kitu ya mkaa.

"Mbega?" alisema tulipokuwa tunakula ugali wa mtama na mlenda. "Dada, nani amekudanganya? Sijaona mbega miaka sita au saba. Miti yao imekwisha." Hakusema imekwishaje. Aliongeza kwamba kuna watu hupita wakiulizia ngozi zao, za kuchezea ngoma na za kuuza kwa wageni, na kama angemwona hata mmoja watu wale wangekuwa wameshajua.

"Korongo la chemchemi nalo umelikata?"

"Bado. Ni mbali kubeba."

"Basi kesho tunakwenda huko," akasema, akanawa mikono.

## Korongoni, asubuhi ya kwanza

Tulipanda sisi wawili, yeye ameshika bega langu. Chini miti ilikuwa visiki, vingine bado vinatoa moshi. Tulipoingia korongoni kukawa baridi na kijani, maji yanatiririka mahali tusipopaona, nikasahau kabisa kama nina cherehani duniani.

Juu ya mti mkubwa uliosimama kwenye chemchemi kulikuwa na weupe. Weupe mwingi, umening'inia kwa mafungu mafungu kutoka matawini. Niliutambua mara moja. Ilikuwa asumini ya porini, ule mmea wa kichaka ambao ukipata mti wa kuegemea unaukwea mpaka juu, na mvua ya kwanza ilikuwa imeuchanua wote. Bibi mzaa baba, mtu wa Pangani, alikuwa na wa kwake kwenye pipa uani, anatunga maua yake kwa uzi.

Mama Mkubwa akasimama. Alikuwa anageuzageuza kichwa kuutafuta ule weupe kwa lile tundu lake, akaupata.

"Zuhura. Ndio wale?"

Mlitaka niseme nini? Mimi nimelelewa mtu mzima habishiwi. Na ule uso wa Mkiwa ulikuwa bado machoni pangu.

"Ndiyo, Mama. Ndio wenyewe. Watatu."

Loo, mngeuona uso wake! Alicheka bila sauti, machozi yanashuka, nami nikalia nikijiona nimetenda jambo kubwa.

"Wanafanya nini?"

"Wanakula majani."

"Wanatazama wapi?"

"Wanatazama... huko bondeni."

Upepo mdogo ukashuka kutoka juu ya mti. Mama Mkubwa akainua pua. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo, kama mtu anayekunja nguo.

"Mbega wa siku hizi," akasema, "wanajipaka manukato?"

Nikatazama maji.

"Nilichota maji hapa miaka kumi, mwanangu. Hii harufu ilikuwa kwenye nywele zangu. Ile ni asumini. Twende nyumbani."

Nikaanza kujitetea, nilitaka ufurahi, Mama, umetoka mbali. Akaniambia ninyamaze. Njia nzima hakunishika bega. Alitangulia na fimbo, akajikwaa kwenye visiki mara tatu, na kila nilipomsogelea aliuvuta mkono wake.

Siku nzima hakusema na mimi. Jua lilipoelekea kuzama ndipo aliponiita nimkalie karibu, uani.

"Unajua mimi nakuja kukaa kwako," alisema. "Nitakuuliza, Zuhura, huyu anayenisalimia amenuna au amecheka? Nguo hii ina doa? Chakula hiki kina rangi gani? Sasa kama utakuwa unanijibu la kunifurahisha, mimi nitakuwa naishi wapi? Si nitakuwa naishi kwenye uongo wako? Bora giza. Giza najua ni giza." Kisha akasema, "Ule mfuko wa nailoni uliniuma. Lakini uliponiambia ni mfuko, nilijua nina macho."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakunipa radhi. Alisema, "Tutaona kesho."

## Korongoni, asubuhi ya pili

Ukungu ulikuwa umepanda mpaka korongoni. Tukakaa juu ya jiwe karibu na maji, hakuna hata jani linalotikisika.

"Unaona nini?"

"Asumini, Mama. Imetanda mti mzima."

"Mbega?"

"Hakuna."

"Haya," akasema. Uso uleule wa Mkiwa. Safari hii niliuacha ulivyo. "Basi nieleze asumini. Tusiwe tumekuja bure."

Nikamweleza, polepole, kwa woga wa kuongeza chumvi. Kwamba maua ni madogo kama nyota, yamekaa mashada. Mashada ya juu ni meupe kabisa, ya chini yameanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwamba kuna nyuki wachache. Kwamba shina lake limejizungusha kwenye mti kama kamba ya kisima. Nilieleza sana mpaka sauti yangu ikaanza kunilaza mwenyewe.

"Kuna shada moja linasogea," nikasema.

"Upepo."

"Hakuna upepo, Mama. Mengine yametulia."

"Ndege basi."

"Si ndege. Ni jeupe pee, ila katikati lina kipande cha pinki, kama kiganja cha mtoto."

"Asumini ya hapa haina pinki," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tazama vizuri. Ua halina mkono. Halina mkia."

Nikatazama mpaka macho yakauma. "Lina mkia. Mwembamba, mweupe."

Akanikamata mkono, kucha zikaingia. "Zuhura. Usinifurahishe."

"Sikufurahishi, Mama, haki ya Mungu! Lina mkia. Na nyuma yake kuna kivuli nilichodhani ni cha tawi... Kivuli kina mikono. Kimelishika lile jeupe. Kina shuka mabegani."

Alianza kulia kabla sijamaliza. "Mtoto," alisema. "Ni mtoto. Mbega huzaliwa mweupe, mweupe mtupu, uso wa pinki. Weusi unakuja baadaye. Mama yake amemficha kwenye maua."

Mimi nilikuwa sijui hilo, na hakuna aliyewahi kuniambia. Ningekuwa natunga, ningetunga mweusi.

"Anatazama wapi?" akauliza.

"Anatutazama sisi. Haachi."

Nilimshika kidevu, nikamgeuza taratibu, juu kidogo, kushoto kidogo, nikihakikisha tundu lake linaelekea pale. "Hapo, Mama."

Alitazama muda mrefu sana. Maji yalikuwa yanasema peke yake.

"Naona weupe," alisema mwishowe. "Kama ni ua au ni mtoto, siwezi kutofautisha. Lakini wewe umesema ni mtoto. Basi ni mtoto."

Nikalia kwa sauti mpaka akanikumbusha kwamba nitawafukuza.

## Kurudi

Mjomba Yohana alikuwa anatungoja uani. "Haya, mliwaona?"

Nikafungua mdomo. Mama Mkubwa akanibana bega.

"Yohana," alisema, "asumini imechanua vizuri sana huko. Korongo lile usiliguse. Niahidi."

"Kwa ajili ya maua, dada?"

"Kwa ajili ya maua."

Mjomba alinitazama kama anayesema huyu naye ameshazeeka, akacheka, akaahidi. Akaapa kwa jina la mama yao, na nijuavyo mimi hawezi kulivunja hilo. Kwa hiyo ninyi nanyi, akija mtu kuulizia ngozi, au Mjomba mwenyewe akija mjini na magunia yake, tuliona maua. Nawaamini, ingawa midomo yenu naijua.

Ya njiani kurudi ni machache. Tulipata nafasi ya mbele wote wawili, na Mama Mkubwa akalala begani kwangu kuanzia Manyoni mpaka Mkiwa. Ule mfuko wa nailoni ulikuwa bado upo kwenye mgunga. Alipozinduka nilimwambia bado upo, akasema sawa.

Yuko hapa sasa, amekaa upande wa pili wa cherehani, mmeshamwona. Tundu lilizibika wiki ya tatu baada ya kurudi. Alfajiri aliniita akaniambia kwa utulivu kwamba limefungwa, kisha akaniuliza kanga aliyojifunga ni ipi. Nilimwambia ni ile nyekundu, na imechanika pindoni. Akaniambia niishone.

Tulirudi na kipande cha shina la ile asumini, nimekifunga kwa kitambaa chenye maji. Nimekipanda kwenye kopo la mafuta hapo kwenye nguzo ya baraza. Kila siku jioni ananiuliza swali lilelile, na leo ameniuliza nikiwa naandika ukurasa huu.

"Zuhura, kwenye asumini kuna kinachosogea?"

Nikanyanyuka nikaenda kutazama kwa karibu. "Hakuna, Mama. Wala ua hakuna. Majani manne."

"Manne," akasema, akatabasamu. "Jana ulisema matatu."